Perpetua na Nyumba Isiyoingiwa

Mke wa Tarmo alipokufa kwa uzazi, majirani zake wa Endagikot walifanya kama babu zao walivyowafundisha: walikaa mbali. Si kwamba hawakumpenda marehemu. Walimlilia sana, kila mtu kwake, wanawake wamejifunika kaniki mpaka puani. Lakini hakuna aliyevuka ua wa Tarmo. Desturi hiyo Wairaqw waliiita metimani, na kila mtoto aliijua kabla hajajua kufunga ndama. Nyumba iliyofiwa namna ile haipewi moto, haichotewi maji, ng'ombe wake hawanyweshwi pamoja na wa watu, wala mtu wake hasalimiwi, hadi mwaka ugeuke na mahindi mapya yaive. Kifo hunata, walisema, kama tope la masika. Ukikikanyaga kwa jirani, unakiingiza kwako kwa miguu yako mwenyewe.

Taabu ni kwamba safari hii kifo kilikuwa kimesahau mtu. Kichanga cha kiume kilibaki hai mle ndani, na kilikuwa na sauti.

Ng'ambo ya bonde dogo, mkabala na mlango wa Tarmo, alikaa Perpetua mke wa Gwandu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mazoea ya kuamka kabla ya kuku. Alikuwa amebatizwa akiwa msichana mkubwa, na jina lake jipya lilimchukua mama mkwe wake miaka miwili kulitamka, na hata alipoliweza alilitamka kama anayetema mbegu. Perpetua alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajaota meno. Wa tatu, Angela, sasa alikuwa anatambaa, anakula udongo, anavuta mikia ya mbuzi, na kila jioni mama yake alimhesabu vidole kama mtu anayeogopa kwamba kimoja kimeibwa. Huyo Angela ndiye aliyekuwa mali yake yote duniani. Mengine yalikuwa vyombo tu.

Basi fikiria mwanamke huyo, kifua kimejaa, anakaa anachambua maharage, na ng'ambo ya bonde mtoto wa watu analia njaa. Tarmo hakuwa na mama wala dada karibu. Dada yake pekee aliolewa Dongobesh. Alikuwa anajaribu kumnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijibuyu, na mtoto alikuwa anayatapika. Watu walijua. Walisikia. Walifunga milango mapema, wakaongea kwa sauti za juu kuhusu mvua.

Siku ya tatu kilio kilianza kufifia, na ndipo Perpetua alipoitwa.

Alikuwa mtoni, ameinama na mtungi. Hakukuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matete. Neno likamjia sikioni wazi, kwa Kiiraqw cha nyumbani, tena kwa sauti ya kike: "Mpe."

Neno moja. Perpetua aliacha mtungi ukazama.

Msimcheke. Mtu mwingine angefurahi kuitwa na Mungu, lakini yeye alijua aliposimama. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba juu kuna Lo'a, jua, mama wa watu wote, naye hamdhuru mtu. Na chini, kwenye chemchemi na mito, kuna Netlangw, mwenye maji, ambaye huita watu kwa majina yao na kuwachukua. Mwalimu wa dini naye alikuwa amemfundisha kwamba Mungu ni Baba. Sasa sauti hii ya kike, iliyotoka majini, ilikuwa ya nani? Kama ni Baba, mbona sauti ya mama? Kama ni Lo'a, mbona mtoni? Na kama ni mwenye maji, basi anamtaka Angela. Alikimbia nyumbani bila maji, akamnyonyesha mwanawe mpaka mtoto akachoka kunyonya na kumsukuma.

Kesho yake alikwenda kwa Joakimu, mwalimu wa dini, aliyekuwa anaezeka upya paa lake lililovuja.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina. Habari za nyumbani, mama Angela?"

"Nyumbani salama. Mwalimu, mtu atajuaje kwamba ni Mungu anayemwita?"

Joakimu aliteremka ngazi. Alipenda maswali ambayo jibu lake alikuwa nalo. "Sauti ya Mungu huleta amani moyoni," akasema. "Ya shetani huleta hofu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mimi nina hofu, hata mtungi niliuacha mtoni."

"Basi si Mungu hiyo. Tena mambo mazito kama hayo ni ya padre. Mngoje padre. Atakuja mwezi ujao na nyumbu wake, akijaliwa."

Perpetua alimtazama. Nyuma ya Joakimu, mlangoni, mkewe alikuwa amekaa ananyonyesha mtoto wake mnono, na macho ya wanawake wale wawili yakakutana, kisha mke wa Joakimu akageuza uso ukutani. Mwalimu alipanda tena ngazi yake. Kusema kweli alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa siku kavu.

Mwezi ujao! Mtoto yule hakuwa na mwezi. Hata wiki hakuwa nayo.

Perpetua alirudi akibishana njia nzima. Alimwambia Mungu kwamba amekosea nyumba. Alimwambia kwamba kuna wanawake wengine wenye maziwa na wenye watoto wanne, watano, ambao wakipoteza mmoja watabaki na wa kufuta machozi. Alimkumbusha wale wawili aliokwisha kumpa. Kisha akamwomba jambo moja tu, amani kidogo, hata ya kuenea kwenye kiganja, ili ajue. Hakupewa. Alichopewa ni kilio cha ng'ambo, chembamba sasa kama cha mwanakondoo aliyepotea, na gauni lake kulowa maziwa mbele.

Ndipo akafanya kama watu wengi wanavyofanya wanapoitwa: akatafuta njia ya kuitika nusu.

Gwandu hakuwepo, serikali ya Mwingereza ilikuwa imewachukua wanaume kwenda kufyeka pori la mbung'o huko chini. Mama mkwe alilala chumba cha ndani, na masikio yake hayakuwa mazuri. Alfajiri, ukungu ukiwa mzito, Perpetua alimwacha Angela amelala, akavuka kijito, akafika kwenye ua wa Tarmo. Alinuia kusimama nje, apewe mtoto juu ya ua, amnyonyeshe, amrudishe, aondoke. Miguu yake isingekanyaga ndani. Mungu angepata chake, na mila ingepata chake.

Tarmo alipomwona alirudi nyuma kama aliyeona mzimu. "Nenda zako!" akasema. "Una mtoto wewe. Nenda!"

"Mlete."

"Mama Angela, nakusihi. Sitaki kuua watu wawili."

"Mlete, Tarmo, kabla akili hazijanirudi."

Akamleta. Mtoto alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alishika ziwa, akaliacha, akalishika tena, na alipoanza kuvuta Perpetua alihisi mvuto huo mpaka kisigino. Akalia bila sauti. Hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa na woga mtupu, na chini ya woga huo hasira.

"Mbona amepoa hivi? Huwashi moto?"

"Ulizimika jana," Tarmo akasema. "Nani atanipa?"

Na hapo ndipo Perpetua alipokosea, kosa ambalo mgeni asingelielewa hata akielezwa mara mia. Alikuwa mama wa nyumba. Tangu utoto wake, mtu akisema moto umezimika, mkono huenda wenyewe. Alikimbia kwake, akachota makaa mekoni kwa kigae, akayafunika majivu, akayaleta, akampa Tarmo juu ya ua. Alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi aliposimama ghafla katikati ya maji, mkono mdomoni. Ziwa angeweza kulificha. Lakini moto ni nyumba. Watu wanaopeana moto ni watu wa nyumba moja. Alikuwa amechukua meko ya Gwandu, na ya mama mkwe, na usingizi wa Angela pembeni yake, akaviunganisha vyote na nyumba ya kifo.

Alfajiri iliyofuata alikwenda tena, na usiku watu walipolala, na kesho yake vilevile. Mtoto alianza kupata rangi. Perpetua ndiye aliyeanza kukonda. Angela akipiga chafya, yeye anakufa kidogo. Angela akicheka, anamtazama kana kwamba ni mara ya mwisho. Kula hakuweza, kusali hakuweza, maana kila akifumba macho alimwona Netlangw ameketi kwenye matete, anangoja kwa subira.

Moshi ndio uliosema. Nyumba isiyo na moto ilikuwa inafuka kila asubuhi, na Endagikot nzima ina macho. Wazee wakaita watu kwenye uwanja wao wa mashauri, na kwa bahati mbaya au nzuri wanaume walikuwa wamerudi kutoka porini siku hiyohiyo. Gwandu alifika na shoka lake begani, amechoka, anauliza kuna nini.

Mzee Bura, aliyekuwa mkubwa wa ardhi ile, alisema kwa upole kwamba kuna mtu aliyetoa moto, na lazima ajulikane kabla msiba haujatembea. Watu wakanong'ona. Kisha mmoja akamtaja bibi Dahaye, mjane mkongwe aliyeishi peke yake karibu na Tarmo, na mara wote wakaona kwamba ndiyo, nani mwingine? Bibi yule alisimama, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Uzee ulikuwa umemla masikio. Hakujua ameshtakiwa nini.

Perpetua alikuwa nyuma, miongoni mwa wanawake, Angela mgongoni kwenye mbeleko. Na sauti nyingine ikamjia, hii tamu, yenye utulivu wote aliouomba siku zile zote. Nyamaza, ilisema. Bibi huyu hana mtoto wa kupoteza. Watamtenga, naye tayari yuko peke yake; kwake kuna tofauti gani? Mtoto wa Tarmo umemwongezea siku kadhaa, imetosha. Nyamaza. Alisikia amani ikimwingia kifuani, laini, na alikuwa karibu kumshukuru Mungu.

Ng'ambo ya bonde mtoto akalia. Saa yake ilikuwa imepita.

Maziwa yakatoka yenyewe. Yakalowesha gauni, yakashuka mpaka tumboni, mbele za wanawake wote. Mama mkwe, aliyesimama kando yake, alitazama gauni, akatazama ng'ambo, akamtazama usoni. Alielewa kabla ya mtu yeyote. "Kaa kimya," alimwambia kwa ukali, chinichini, na akasogea mbele yake kumficha kwa mwili wake mdogo. "Kaa kimya, mwanangu." Hakuwa amemwita mwanangu hata siku moja.

"Ni mimi," Perpetua alisema.

Watu wakafungua njia, wakasogea mbali naye, na kwa mara ya kwanza akajua mtu anavyojisikia akiwa tope.

"Moto nilitoa mimi. Na mtoto namnyonyesha mimi. Bibi Dahaye hana kosa."

"Nani alikutuma?" Mzee Bura akauliza.

"Niliitwa."

"Wapi?"

Hapo angeweza kusema kanisani. "Mtoni," akasema, na wanawake wakapiga kite. Joakimu mwalimu wa dini alikuwepo. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Shauri lilikuwa refu, na Gwandu alikaa tu amekumbatia shoka. Mwisho Mzee Bura alisimama. Hakuwa mtu mkatili. Wajukuu walimpanda mgongoni kama kilima.

"Mama Angela," alisema, "tope linaoshwa. Gwandu atatoa kondoo. Utanyolewa, utaoshwa, nyumba yenu itaoshwa, utatoa moto wa zamani na kuwasha mpya. Leo hii utalala na mtoto wako. Sharti moja: kule usirudi tena."

"Na yule mtoto?"

Mzee alitazama ng'ambo ya bonde. "Yule ni wa mama yake," akasema.

"Na nikirudi?"

"Utakaa kule, mwaka mzima, kama wao. Mtoto wako atabaki huku, ataoshwa. Hutamgusa. Nakuomba usichague hivyo."

Jua lilikuwa limetoka. Perpetua alitafuta moyoni mwake ile sauti ya mtoni, hakuipata. Akatafuta mafundisho ya Joakimu, akakuta maneno tu. Hakuwa na hakika ya kitu chochote. Mngemwuliza kama aliamini wakati ule kwamba ni Mungu, angewaambia hapana, hakujua. Alijua kwamba mtoto analia na kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kumnyamazisha. Alifungua fundo la mbeleko. Vidole vilikataa, fundo likakaza, ikabidi alifungue kwa meno.

Mama mkwe alimpokea Angela. Alikuwa analia kwa hasira, kichwa kinatikisika. "Mchuma janga hula na wa kwao!" alipiga kelele. "Umetulisha, umetulisha sote!" Kisha akamfunika Angela kwa kaniki yake. "Nilidhani ni mto umekuita," akasema polepole. "Lakini mto haujawahi kumwita mtu anyonyeshe. Mto huchukua tu. Afadhali ungekuwa mto, Perpetua. Mto ningeuchinjia kondoo, ungekuachia."

Gwandu alimsindikiza kwa macho mpaka kijitoni. Hakumzuia, wala hakumbariki.

Tarmo alimjengea kibanda chini ya shamba lake, akatia moto, akarudi kwake, na tangu siku hiyo aliongea naye kutoka mbali, macho chini, maana alikuwa mke wa mtu. Perpetua alimbatiza mtoto mwenyewe kwa kata ya maji, kama Wakristo walivyofundishwa kwa mtoto aliye hatarini, akamwita Marko. Kisha mwaka ukaanza.

Wengi waliosimulia habari zake baadaye waliuruka mwaka huo. Walisema alikaa, akamlea, akatoka. Ni rahisi kusema. Majuma ya kwanza kilio kiligeuka upande. Sasa Angela ndiye aliyelia ng'ambo, akitaka ziwa, naye mama yake aliketi mlangoni na mtoto wa watu kifuani akisikiliza mwanawe akinyweshwa uji kwa nguvu. Alijiuma mkono mpaka damu. Alimchukia Marko. Ndiyo, alimchukia; siku moja alimlaza chini kwenye majani, akaondoka, akafika kijitoni, miguu ikaingia majini. Mtoto hakulia. Alikuwa anachezea jani. Perpetua alirudi akamwinua, na hakujisifu kwa kurudi.

Halafu kilio cha ng'ambo kikaisha. Angela alikuwa amezoea. Siku hiyo Perpetua hakuwasha moto.

Gwandu alimletea unga na chumvi, akauweka juu ya jiwe, akaondoka kabla Perpetua hajafika. Mara moja aliacha pia ushanga wa Angela uliokatika, hakuna aliyejua kwa nini. Joakimu naye alikuja, miezi ilipokuwa imepita, akasimama nje ya shamba akiwa ameshika kofia.

"Padre alifika," alisema. "Nilimweleza. Anasema umefanya vema. Anasema wito ule ulikuwa wa Mungu."

"Kama ni wa Mungu, amani iko wapi?"

Joakimu aligeuza kofia mkononi. "Sijui, mama Angela. Lile jibu nilikuwa nimelikariri. Mke wangu alikuwa na maziwa. Nilijua."

"Na mimi nilijua," alisema Perpetua. "Angela anatembea?"

"Anatembea. Anakimbia."

Aliingia ndani, akamwacha amesimama. Mtoto wake alikuwa ameanza kutembea na yeye ameambiwa habari hiyo na mwanamume aliyeshika kofia.

Mahindi mapya yalipoiva walimnyoa, wakamwosha, wakamnyunyizia pombe ya asali, na njia ikafunguliwa. Dada yake Tarmo alikuwa tayari amefika kutoka Dongobesh. Marko alikuwa wa ukoo wao, na sasa aliweza kunywa maziwa ya ng'ombe bila taabu. Lilikuwa jambo la haki, na Perpetua hakubisha. Alimfunga mgongoni mwa mwanamke yule kwa mikono yake mwenyewe. Marko alipiga mayowe mpaka wakapotea nyuma ya kilima, akimwita mama, na hakuwa akikosea sana.

Nyumbani, Angela alikuwa amesimama nyuma ya sketi ya bibi yake. Alikuwa na meno. Mama mkwe alikuwa amezeeka sana mwaka ule; alimsukuma mtoto mbele kwa upole. "Mama yako huyo. Msalimie." Angela alimtazama mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa, akapiga kelele, akakimbilia ndani. Aliyemwita mama sasa alikuwa bibi yake.

Perpetua hakumlazimisha. Alianza upya, kama mtu anayezoeza ndama mwoga. Aliacha kiazi cha kuchoma mahali mtoto anapopita. Alikaa chini, hakusimama ghafla. Alitengeneza mwanasesere wa bunzi la mahindi, Angela akamchukua na kukimbia naye. Usiku alikamua maziwa yake majivuni, kwa kuwa yalikuwa bado yanakuja na hakuna aliyeyataka. Ziwa Angela alilikataa. Alilitazama kama kitu cha mtu mwingine. Siku zikapita hivyo, na nyingine, na Perpetua alikuwa ameshaanza kuamini kwamba hasara ile haina dawa.

Ndipo asubuhi moja, jua likiwa limeshawapasha ng'ombe migongo, akiwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, kitu kizito kidogo kilimkalia pajani. Hakugeuka. Alishika pumzi. Angela alikuwa amepanda, mwanasesere mkononi, akajiegemeza kwenye kifua chake, akaanza kuimba wimbo wake mwenyewe usio na maneno. Baadaye kidogo, bila kumtazama, alisema, "Mama, pukuchua na hili."

Gwandu alikuwa anasokota kamba uani. Alisikia. Akaacha kazi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shoka.

Mbwa akabweka. Perpetua aliinua macho.

Chini ya njia, mbali na ua, alisimama kijana asiyemjua. Hakubisha hodi. Hakusalimu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa karibuni, kama cha mfiwa, na alikuwa amesimama upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwao, kama wanavyosimama wale wasioruhusiwa kukaribia. Mikono yake ilikuwa mitupu, na kiunoni kilining'inia kijibuyu cha kunyweshea kichanga. Alimtazama Perpetua, akaelekeza uso kule alikotoka, nyuma ya kilima, akamtazama tena.

Safari hii hakukuwa na sauti yoyote, wala mtoni, wala mbinguni. Perpetua alingoja kidogo, akitumaini kwamba haitakuja, na haikuja. Kijana aliendelea kusimama.

"Unaweza kukataa," Gwandu alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umeshatoa. Hakuna mtu atakayekulaumu. Perpetua, mtoto yuko pajani mwako."

"Najua aliko."

"Basi mwambie aende."

Alifungua mdomo amwambie aende. Alitaka kusema hivyo kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote maishani. Aliinamisha uso kwenye nywele za Angela, zilizonukia moshi na siagi, akakaa hivyo, na alimwambia Mungu moyoni maneno ambayo mwalimu wa dini asingeyavumilia. Kisha akamwita mama mkwe wake. Bibi alitoka, akamwona kijana, akashika mhimili wa mlango.

"Nipokee mtoto, mama," Perpetua alisema.

Bibi alinyoosha mikono. Angela alitazama mikono ile aliyoizoea, akamtazama aliyekuwa anamwinua, akaelewa. Akashika gauni la mama yake kwa mikono yote miwili, akalia. Hakumlilia bibi, alimlilia yeye. Ikabidi Gwandu aje amfungue vidole kimoja kimoja.